Mu jiko la watu wa mgodi, kule Slovakia

Mara hii safari yetu inatupeleka mbali kidogo. Tunaenda Slovakia, inchi ndogo katikati ya Ulaya. Ukiitafuta ku karte, angalia chini ya Polandi na juu ya Hungaria. Upande wa mangaribi utaona Wacheki na Austria, upande wa mashariki Ukraine. Haina bahari. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 49,000 hivi, ni kusema haifike hata nusu ya Haut-Katanga. Wakaaji wake ni milioni tano na nusu karibu. Zamani waliishi mu inchi moja na Wacheki. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 1993 kila mmoja yuko na serikali yake.

Munaweza kuuliza: sisi watu wa Likasi, wa Kolwezi, wa Kipushi, tuko na neno gani na Slovakia? Jibu liko mu majina ya miji yao. Banská Štiavnica. Banská Bystrica. Banská Belá. Neno lile «banská» ni kusema «ya migodi». Pale mutu akisema anatoka mji wa migodi, hahitaji kueleza mengi; wanajua baba yake alishuka chini ya udongo, na babu yake vile vile, na baba wa babu. Kisha, jambo la pili: wanawake wao, kama wa kwetu, wamejifunza namna ya kulisha watu wengi na nyama kidogo. Ni juu ya nyama ile nataka kuwaambia. Lakini kwanza tutembee.

Banská Štiavnica iko mu milima, nyumba zinapanda na kushuka pamoja na njia, hakuna hata uwanja mkubwa ulio sawasawa. Ni mji wa feza na dhahabu. Mwaka 1627 mchimbaji mmoja kutoka Tyrol, Kaspar Weindl, alitumia pale baruti ya bunduki kupasua mwamba, na hiyo inahesabiwa kati ya mara za kwanza baruti kufanya kazi ya mgodi. Kabla ya hapo watu walikata mwamba kwa nyundo na chuma, ama waliwasha moto mkubwa juu ya jiwe mpaka lipasuke. Mwaka 1762 Maria Theresa, malkia wao wa wakati ule, alifungua pale masomo makubwa ya kazi za migodi, na vijana wa inchi nyingi walikuja kusoma.

Lakini adui wa Štiavnica hakuwa mwamba, alikuwa maji. Kila mutu aliyefanya kazi ya chini anajua: unachimba, maji yanakufuata. Watu wale walifanya jambo la akili sana. Walijenga maziwa madogo juu mu milima, karibu 60, kila moja na ukuta wake wa udongo, ili maji ya mvua yazungushe masini, na masini ile ivute maji ya mgodi. Maji kufukuza maji! Zaidi ya maziwa 20 yangali pale hata leo. Watoto wanaogelea ndani wakati wa joto. Kisha wakaanza kuchimba njia ya chini kwa chini, ili maji yatoke yenyewe mpaka mutoni. Walianza mwaka 1782. Walimaliza mwaka 1878. Urefu wake unapita kilometa 16. Muhesabu wenyewe: wale walioanza hawakuona mwisho, pengine hata watoto wao hawakuuona. Mimi nilisimama pale nikafikiri Kipushi, ambako maji yalipanda mu mgodi mwaka 2011 wakati pompi zilipoacha kutumika.

Leo Štiavnica haichimbi tena. Migodi yake ilifungwa mu miaka ile ya 1990 kuanza, wakati ule ule mambo yalipoharibika kwetu, maana Kamoto ilianguka mwaka 1990. Mji wenyewe uliandikwa na UNESCO mwaka 1993 kati ya mali za dunia nzima, na sasa unaishi juu ya wageni. Mu mwezi wa tisa kila mwaka wanafanya maandamano ya Salamander: wachimbaji wa zamani mu mavazi meusi, taa mkononi, wanatembea usiku wakijipinda huku na huku kama mjusi. Wanasema mchungaji mmoja wa zamani aliona mijusi miwili inang'aa unga wa feza na wa dhahabu mgongoni, akainua jiwe walipojificha, na mgodi ukaanza pale. Wakikutana wanasalimiana «Zdar Boh!», ni kusema Mungu akufanikishe. Salamu ile si ya muchezo. Ni ya mutu anayeshuka chini na hajui kama atapanda.

Na shaba je? Shaba ni ya Banská Bystrica, upande wa kaskazini, na ya kijiji kidogo kinachoitwa Špania Dolina, juu ku mlima. Mwisho wa karne ya 15 familia mbili za watajiri, Thurzo na Fugger, waliungana kuchimba na kuuza shaba ile, na ilienda mbali sana. Sikieni hii: mwaka 2008, kule Oranjemund ku pwani ya Namibia, watu wa mgodi wa almasi walifukua mashua ya Wareno iliyozama ku miaka ya 1530. Ndani mulikuwa mabonge mengi ya shaba yenye alama ya Fugger. Wataalamu waliopima shaba ile wanasema inatoka mu milima ya Slovakia. Basi, shaba yao ilifika Afrika karibu miaka 400 kabla ya shaba yetu kupanda treni kwenda Ulaya. Lakini wazee wetu wa Katanga walikuwa wameshayeyusha misalaba yao ya shaba, hawakungojea mashua ya mutu.

Špania Dolina maji yenyewe yalitoa shaba. Walitia vyuma vizee mu maji ya mgodi, wakangojea, na chuma kikaliwa kidogo kidogo, shaba ikabaki mahali pake. Watu wa zamani walifikiri ni uchawi. Walifanya vikombe vya shaba ile na kuviuza kama ajabu. Wake za wachimbaji nao walikuwa na kazi yao: kusuka dantela, uzi juu ya uzi, kwa vijiti vidogo vya mbao, sababu mshahara wa bwana haukutosha. Dantela ile inafanywa pale mpaka leo. Kila mahali penye mgodi, naona, kuna kazi ya mwanamke ambayo haiandikwi mu biro.

Sasa tuingie jikoni.

Wageni wakifika Slovakia wanaonyeshwa chakula kimoja, halušky, tuvipande twa viazi na unga pamoja na jibini ya kondoo. Ni kitamu, sikatai. Lakini mu nyumba, siku ya kazi, na mu kantini za shule na za kazi, kuna kingine ambacho vitabu vya wageni vinasahau. Kinaitwa fašírka. Tamka fashirka, zikiwa nyingi ni fašírky. Ni nyama ya kusaga iliyochanganywa na mkate, ikafanywa bonge la bapa, ikavikwa unga wa mkate mukavu na kukaangwa. Wacheki wanaita karbanátek. Jina lenyewe la fašírka lilipita kwa Wahungaria na kwa watu wa Vienna, maana ku ufalme wa Hungaria ndiko Slovakia ilikuwa mpaka 1918. Maana yake ni «nyama iliyosagwa» tu. Pale kwetu mungesema ni bulete. Na ni bulete kweli, ila imevaa kanzu.

Mimi niliziona zikifanywa Handlová, mji wa makaa ya mawe, kwa mjane mmoja wa mchimbaji. Kule mutu hamwite mwanamke mkubwa jina lake vile vile tu. Anasema «teta», ni kusema shangazi, hata kama hakuna undugu. Basi na mimi nilisema teta. Ilikuwa siku ya posho, asubuhi, nje baridi inauma.

Teta alitoa masini ya nyama mu kabati, ile ya chuma yenye kufungwa ku ukingo wa meza na kuzungushwa na mkono. Wako na duka la kununua nyama iliyosagwa tayari, lakini anasema ya duka hajui ndani yake muko nini. Alikuwa na nusu kilo ya nyama: nusu ya nguruwe, ya bega, yenye mafuta kidogo, nusu ya ngombe. Ngombe peke yake inakauka, nguruwe peke yake inalainika sana na mafuta yanakimbia. Nusu kilo, na watu waliongojewa ku meza walikuwa sita.

Pale nikaanza kuangalia vizuri.

Alitwaa rožky mbili, ni mikate miembamba mirefu kama kiganja na vidole, ya siku mbili, migumu. Hakuna mama wa Slovakia anayetupa rožok iliyokauka. Ile iliyolala siku moja ama mbili inaingia mu nyama. Ile iliyokauka kabisa kama kuni inasagwa kuwa unga, wanaita strúhanka, na ule ndio utakuwa kanzu. Alizikata vipande, akamwanga maziwa juu, kikombe kidogo, akaacha dakika kumi, kisha akakamua kwa mkono mpaka maziwa yakatoka. Ukiacha maziwa mengi, fašírka inapasuka mu mafuta. Ukikosa maziwa, maji yanafaa, na teta alisema wakati wa utoto wake ilikuwa maji kila mara.

Watu wanafikiri mkate ni wa kudanganya, ni kuongeza uzito tu. Ndiyo, unaongeza, mu kantini za kazi watu wanacheka wanasema fašírka yao ilitoka kwa muokaji, si kwa muchinjaji. Lakini mkate uko na kazi nyingine. Nyama ya kusaga ikipata moto inajikaza, inatoa maji yake nje, inabaki kama jiwe. Mkate unakamata yale maji na yale mafuta ndani. Mutu akitengeneza nyama tupu atapata bonge dogo na gumu kuliko alilotia mu kikaango. Kipimo ni kimoja: mkate usipite nyama. Mikate miwili ile midogo kwa nusu kilo, inatosha.

Tungulu moja alilikata dogo dogo sana na kulikaanga polepole mu mafuta ya nguruwe mpaka likapata rangi ya dhahabu, akaliacha lipoe. Kuna wanaotia tungulu bichi. Teta alikunja uso: tungulu bichi linabaki gumu ndani, na linaachia maji, na bulete inafunguka. Kisha vitunguu saumu vipande vitatu vya kuponda na chumvi, yai moja, pilipili manga, kijiko kidogo cha pilipili nyekundu tamu, ile isiyochoma, na mwishoni majorán, jani kavu analolisugua kati ya viganja viwili juu ya sahani. Harufu ya majorán ndiyo harufu ya jiko la Slovakia. Wanaitia mu supu, mu soseji, mu viazi. Bila yake watasema ni nyama, lakini haitakuwa fašírka.

Akaanza kukanda. Hakukanda kama unga wa mkate, lakini hakucheza vilevile. Dakika tatu ama nne, mpaka nyama ikaanza kushika vidole. Akafunika, akaiweka ku dirisha penye baridi nusu saa. Wakati ule akamenya viazi na kuniambia juu ya mgodi.

Bwana wake alifanya kazi chini miaka mingi, akapata pensheni, akafa na kifua. Mtoto wake wa kiume aliingia mu mgodi ule ule. Tarehe 10 mwezi wa nane 2009 moto uliwaka chini Handlová, watu wa kuokoa wakashuka kuuzima, gazi ikalipuka. Watu 20 walikufa, wachimbaji na waokoaji pamoja. Mtoto wa teta hakuwa zamu siku ile. Alisema neno lile moja, akarudi ku viazi vyake. Sikumuuliza lingine. Mama wa mgodi haulizwi mara mbili, munajua.

Kisha makaa yenyewe yakamalizika, si kusema yaliisha mu udongo, hapana. Inchi iliamua kuacha kuchoma makaa. Mwisho wa mwaka 2023 kituo cha umeme cha Nováky, kilichokula makaa ya bonde lile, kikaacha kuyachoma. Mtoto wa teta sasa anafanya kazi mbali, mu kiwanda cha magari, maana Slovakia ni inchi ya magari mengi. Anarudi nyumbani siku ya posho, anaondoka siku ya Mungu jioni. Sasa nilielewa sababu teta alihesabu fašírky kwa sauti: moja, mbili, tatu. Zilitoka 12. Sita za watu wa meza. Mbili za wajukuu, juu watoto wanaomba tena. Nne za mfuko wa mtoto wake.

Na bonde lile? Maji yanayotoka chini ya migodi ni ya uvuguvugu. Watu wa mgodi walijenga nyumba za vioo, wakapasha moto kwa maji yale, wakalima tomati humo hata wakati theluji iko nje. Wakafanya na mabwawa ya samaki. Samaki gani? Kambale! Aina ile ile ya Afrika, yenye ndevu, ambayo mama zetu wanauza ku soko mu beseni. Nilicheka sana. Kambale yetu inaogelea chini ya milima ya theluji, mu maji ya mgodi wa makaa. Sisemi kwamba tomati na kambale vimerudisha kazi za watu wote. Havikurudisha, na vijana wengi wameondoka. Lakini afazali walianza kutafuta mbele ya kufunga, si nyuma yake.

Turudi ku kikaango. Nyama ilikuwa imetulia. Teta alilowesha mikono na maji, akatwaa nyama kiasi cha yai kubwa, akaizungusha, akaipiga kati ya viganja kuondoa hewa, akaibonyeza mpaka ikawa bapa, unene wa vidole viwili, si zaidi. Akaiviringisha mu strúhanka pande zote, akakung'uta iliyozidi. Hii ni kanzu moja tu. Nyama ya vipande, ile wanaita rezeň, ya siku ya Mungu na ya siku kuu, inavaa kanzu tatu: unga wa ngano kwanza, kisha yai lililopigwa, kisha strúhanka. Fašírka ni mutoto wa siku za kazi, kanzu moja inamfaa. Kuna wanaoivika zote tatu, na ni tamu, lakini inakunywa mafuta mengi.

Mafuta yafike nusu ya unene wa nyama. Tia punje ya mkate ndani. Ikianza kuimba mara moja, moto umefika. Ikizama kimya, ungojee. Ikiwa nyeusi mbio, ondoa kikaango. Teta aliweka tano tu kwa mara moja, kila moja na nafasi yake, kwani ukizijaza mafuta yanapoa na kanzu inalowa na kutoka. Dakika tano upande mmoja, tano upande wa pili, moto wa katikati. Usizigeuze geuze. Kisha juu ya kitambaa ama karatasi ya kunywa mafuta.

Sasa jambo ambalo naomba mama wote wasikie. Nyama ya nguruwe iliyosagwa haitakiwi kubaki nyekundu ndani hata kidogo. Steki ya ngombe mutu anaweza kula na damu kama anapenda. Ya kusaga, hapana, maana uchafu uliokuwa nje ya nyama sasa uko mpaka katikati. Na kwetu ambako nguruwe wanatembea ovyo mu mitaa, tegu iko, na watoto wake wadogo wakifika mu kichwa cha mutu wanaleta kifafa. Pasua moja katikati: maji yanayotoka yawe meupe, nyama iwe ya kijivu. Bado? Rudisha mu kikaango na kifuniko, moto mdogo, dakika tano. Tena usionje chumvi mu nyama mbichi kama wazee wanavyofanya. Kaanga kabonge kadogo kwanza, onja kale. Sahani na kisu vilivyogusa nyama mbichi, osha na sabuni kabla ya kukata mkate.

Ku meza wanaanza na supu kila mara, hata kama ni supu ya tungulu na viazi tu. Kisha fašírka na viazi vilivyopondwa na siagi na maziwa, pembeni matango madogo ya siki ambayo kila nyumba imefunga mu chupa wakati wa mavuno. Ama wanaiweka juu ya prívarok, mboga iliyopikwa nzito kama mchuzi: dengu, ama spinashi, ama maharage, yenye unga kidogo na maziwa ya mugando. Hiyo ya dengu ndiyo mimi ningechagua. Nusu ya fašírka na sahani ya dengu inashibisha mutu wa kazi. Wakiwa tayari wanasema «Dobrú chuť», na hakuna anayegusa kijiko mbele ya neno lile.

Nyama ikikosekana kabisa, wanazifanya bila nyama. Za karfiol, za kabichi iliyochemshwa na kukatwa, za maharage yaliyopondwa, za ovu na jibini. Mkate, yai, tungulu na majorán vinabaki vile vile, kanzu vile vile. Wengine wanaongeza kiazi kibichi kilichosuguliwa mu nyama ili iende mbali. Wale ambao kanisa lao linakataza nguruwe wasifunge gazeti: ngombe na kuku inafaa, tia kijiko cha mafuta mu nyama isikauke. Nilijaribu hapa nyumbani na kambale iliyochemshwa kidogo, mifupa ikaondolewa moja moja, mkate kipimo kile kile, tungulu la kukaanga, na pilipili yetu kidogo mahali pa ile tamu. Watoto walimaliza kabla bukari haijafika ku meza. Mkate wetu ule mrefu wa dukani ni mzuri kwa kazi hii. Ukate, uanike juani siku moja ama mbili chini ya kitambaa juu ya mainzi, kisha uponde mu kinu na uchekeche. Unga wa mkate mukavu kabisa unakaa wiki nyingi mu chupa yenye kifuniko. Majorán sikuiona ku soko letu. Nilitia timi kidogo, ile wanauza mu vipaketi, na harufu haikuwa mbali sana.

Jioni ya siku ya Mungu teta alichukua nne zile, zimepoa. Alikata mkate mweusi vipande vinane vinene, akapaka mutarde upande mmoja, akaweka fašírka na vipande vya tango la siki, akafunika, akafunga kila moja mu karatasi. Zikipoa zinakuwa ngumu kidogo na ladha inatulia, wengi wanazipenda hivyo kuliko za moto. Mu baridi ya kule zinavumilia njia nzima. Kwetu mu joto usizibebe hivyo zaidi ya saa mbili. Kama hauna frigo, zikaange asubuhi ile ile ya safari, zipoe kabisa kabla ya kufunga, juu mvuke ukifungiwa ndani kanzu inalowa na nyama inaharibika mbio. Mtoto wake alikuwa tayari amevaa viatu. Gari la abiria lilikuwa la saa kumi na mbili, na teta alikuwa anatafuta karatasi ya nne.